Maswali ya Kifaransa Kutoka Shelui

Ukisema hapa chuoni kwamba unasomea ualimu wa Kifaransa na Kiswahili, utaulizwa mambo mawili. La kwanza ni ajira, na hilo nawaachia wenye nchi. La pili ni hili: "Hivi Kifaransa si kigumu sana? Ile *le* na *la* unajuaje?" Wanaouliza ni watu waliofaulu vizuri kidato cha sita, waliopiga hesabu zenye herufi nyingi kuliko namba, lakini wakifika kwenye *le* na *la* wananyoosha mikono juu. Mimi nimefika mahali pa kuamini kwamba ugumu mwingi wa Kifaransa kwa Mtanzania haumo ndani ya Kifaransa. Umo kwenye njia tunayopitishwa kukifikia, yaani Kiingereza. Najua kuna watakaobisha, hasa wale wa idara yangu. Karibuni.

Nilipata muda wa kulifikiria jambo hili likizo ndefu iliyopita, nikiwa nyumbani Shelui. Kwa asiyepajua, Shelui ipo wilaya ya Iramba, mkoa wa Singida, kwenye barabara kuu ya Singida kwenda Nzega. Ukitoka Singida unapita Misigiri, unateremka mlima Sekenke na kona zake, na huko chini ndiko kwetu. Ni Sekenke hiyo hiyo ya mgodi wa dhahabu wa enzi za Mjerumani. Siku hizi biashara kubwa ya barabarani ni malori. Yanatoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo, yanapita usiku na mchana, na mengine yanalala.

Mtu atasema: Mkongo wa Goma anajua Kiswahili, dereva wa Kirundi anajua Kiswahili, sasa Kifaransa Shelui cha kazi gani? Kwenye chai na stori, kweli, hakina kazi. Shida ni karatasi. Kongo lugha rasmi ni Kifaransa, na Burundi nako maandishi mengi ya ofisini ni Kifaransa. Utingo wa kwetu anaweza kupiga stori na mlinzi wa godauni Bukavu mpaka kukakucha, wakielewana kila neno, halafu asubuhi anapewa karatasi ya kusaini asiyoweza kuisoma. Karatasi hiyo ndiyo inayosema mifuko mingapi imeshushwa, mingapi imepasuka, mingapi haikuonekana. Anasaini tu. Upungufu ukija kugundulika, unakatwa kwenye posho yake. Tena jambo lenyewe linakua. Wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliamua Februari 2021 kwamba Kifaransa na Kiswahili viingie kwenye lugha rasmi za Jumuiya pamoja na Kiingereza, na mwaka uliofuata Kongo ikawa mwanachama.

Basi vijana wa mtaani wakanifuata. Tulikuwa tisa: matingo wawili, fundi pancha, vijana kadhaa waliomaliza kidato cha nne, na binti anayekaa mapokezi kwenye gesti moja. Tulikutana jioni nyuma ya mgahawa wa mama mmoja, ubao ukiwa kipande cha plaiwudi kilichopakwa rangi nyeusi. Mama mwenyewe alikuwa anachambua mchele pembeni, hakujiandikisha popote, lakini alijibu maswali kuliko waliojiandikisha.

Siku ya kwanza niliwaambia waandike kwa Kifaransa "nina njaa". Maneno yote walikuwa nayo ubaoni. Waliopitia sekondari waliandika *je suis faim*. Wote, kama waliokubaliana. Ukiwauliza wameipata wapi, wanakwambia ndivyo ilivyo: *je suis* ni "mimi ni", njaa ni *faim*. Ni Kiingereza hicho, ambacho husema mtu "ni mwenye njaa". Mama akauliza, "Kwani huyo Mfaransa anasemaje?" Nikamwambia anasema *j'ai faim*, yaani ninayo njaa. Akashangaa: "Si nina njaa tu hiyo?"

Ndiyo hiyo hiyo. *J'ai soif*, nina kiu. *J'ai sommeil*, nina usingizi. *J'ai peur*, nina hofu. *J'ai vingt-deux ans*, nina miaka 22. Mfaransa na Mswahili wote wanaumiliki umri, wanaimiliki njaa. Hata *il y a*, ambayo wanafunzi huikariri kama namba ya simu, ni "kuna" yetu. Ndani yake mna *y*, pahali, na *a*, ana. Nasi "kuna" yetu ni *ku* ya pahali na *na* ile ile ya "nina". Vitabu vya sarufi nilivyopitia vinaeleza jambo hili kwa kurasa kadhaa, kwa sababu vinamwandikia mtu ambaye lugha yake haifanyi hivyo. Vinamwonya pia kwamba sifa nyingi za Kifaransa hukaa baada ya jina: *maison blanche*. Sasa unamwonya nini mtu anayesema "nyumba nyeupe" tangu azaliwe? Mwambie tu kwamba *petit*, *grand*, *bon* na wenzao wachache hutangulia, muendelee.

Swali lililonikaa zaidi aliuliza binti wa gesti. Alikuwa anajifunza maneno ya kazi yake: chumba, ufunguo, begi, mizigo. Akasimama: "Madam, mgeni ni mwanaume, ndevu hizi hapa. Kwa nini chumba chake kiwe *sa chambre*? *Sa* si ya mwanamke? Ingekuwa *son*."

Hili ni swali la kila darasa la Kifaransa duniani ambako watu wameanzia Kiingereza. Kiingereza kinaangalia mwenye mali: akiwa mwanaume neno hili, akiwa mwanamke neno lile. Mtu akishazoea hivyo, *son* na *sa* anazigawa kwa wenye mali, na anakosa nusu ya mtihani. Nikamuuliza binti: "Unasema chumba chake. Hiyo *cha* umeitoa kwa mgeni au kwa chumba?"

"Kwa chumba."

"Na ufunguo?"

"Ufunguo wake."

"Begi?"

"Lake. Mizigo yake." Akanyamaza kidogo. "Na mgeni ni yule yule."

Mgeni ni yule yule. *Sa chambre, sa clé, son sac, ses bagages*. Kinachobadilika ni kile kinachomilikiwa, mwenye mali hahusiki, kama ambavyo "kitabu chake" hakikwambii kama mwenyewe ni kaka au dada. Zile ngeli tulizozichukia kidato cha kwanza, upatanisho wa kisarufi uliotugharimu maksi, ndio ufunguo wenyewe. Kesho yake alirudi na la pili: kama *adresse* ni ya kike, kwa nini inasemwa *son adresse*? Kwa sababu *sa adresse* ni irabu mbili zinazogongana mdomoni, Mfaransa anakwepa. Na sisi tunakwepa. "Chake" ni *ki-ake* iliyokwepwa. Aliandika hilo kwenye kitabu cha wageni, ukurasa wa nyuma, maana ndicho alichokuwa nacho mkononi.

Huyu binti anaongea Kinyiramba cha kwao, Kisukuma cha soko na Kiswahili. Lugha tatu, zote anapanga bei nazo. Ila kidato cha nne Kiingereza alipata F, na mwalimu mmoja aliwahi kumwambia mbele ya darasa kwamba hana kichwa cha lugha. Ana ndugu anayefanya kazi na mawakala wa forodha mpakani Rusumo, na huko wanatafuta watu wanaoweza kusoma nyaraka za Kifaransa. Ndugu alimwambia ajaribu. Hakujaribu. Sababu aliyonipa ilikuwa fupi: "Kiingereza chenyewe kilinishinda, Kifaransa nitakiweza wapi?" Kichwani mwake lugha za wageni ni ngazi, huwezi kukanyaga kidato cha pili kabla ya cha kwanza. Ngazi hiyo tumeijenga sisi, kwa kuwafundisha watu Kifaransa kwa maelezo ya Kiingereza, halafu tunawapima Kiingereza chao na kuita Kifaransa.

Matingo wao walikuwa na shida nyingine. Kuna lile balaa la *être* na *avoir* katika wakati uliopita. Vitenzi vingi vinatumia *avoir*: *j'ai mangé*, nimekula. Vichache vinataka *être*: *je suis arrivé*, nimefika; *je suis parti*, nimeondoka. Wanafunzi hupewa orodha ya vitenzi hivyo waikariri, na mtu akishaikariri unamtega: *je suis descendu*, sawa, halafu anakutana na *j'ai descendu les bagages* na orodha yote inaanguka. Imekuwaje *descendre* ile ile ikabadili msaidizi?

Mtu anayeishi chini ya mlima Sekenke na kazi yake ni mizigo hahitaji orodha. *Je suis descendu*: nimeshuka. *J'ai descendu les bagages*: nimeshusha mizigo. *Je suis monté*: nimepanda. *J'ai monté les sacs*: nimepandisha mifuko. *Je suis sorti*, nimetoka. *J'ai sorti les papiers*, nimetoa karatasi. *Je suis passé*, nimepita. *J'ai passé la marchandise*, nimepitisha bidhaa. *Je suis retourné*, nimerudi. Kiswahili kinabadilisha mkia wa kitenzi, Kifaransa kinabadilisha msaidizi, kazi ni moja: umeshuka mwenyewe, au umeshusha kitu? Utingo mmoja, kaka mzito wa kuongea, alisema, "Ah. Kumbe ni shuka na shusha." Akaenda kununua chapati, kwake somo lilikuwa limeisha. Sisemi kwamba inafunga kila mlango. Orodha bado unaihitaji kwa *rester* na *naître* na wenzake. Ila kwa mtu wa kupakia na kushusha, inafunga ile milango anayopita kila siku.

Kwenye *je vois toi* sikai sana. "Nakuona": *ku* imekaa kabla ya *ona*. *Je te vois*: *te* imekaa kabla ya *vois*. Vivyo hivyo nilimwona, *je l'ai vu*. Na lile jinamizi la wote, la *il faut que tu viennes*, ni "lazima uje", na *je veux qu'il parte* ni "nataka aondoke". Ile *e* ya mwisho ya Kiswahili inafanya kazi hiyo hiyo. Mzungumzaji wa Kiingereza hulia machozi hapo, wewe unalia kwa nini?

Sasa twende kwenye sheria ambayo hata Wafaransa wenyewe inawatoa jasho. Unaandika *j'ai écrit la lettre*, bila kuongeza kitu. Lakini *la lettre que j'ai écrite*, unaongeza *e*. Kitu kikitajwa baada ya kitenzi, hakuna upatanisho. Kikitangulia, upatanisho upo. Sheria hii inahusishwa na Clément Marot, mshairi wa karne ya 16, aliyeitetea kwa kufuata mfano wa Waitaliano. Mwaka 2018 walimu wawili wa zamani wa Ubelgiji, Arnaud Hoedt na Jérôme Piron, walijitokeza hadharani kutaka iachwe, kwa hoja kwamba inakula saa nyingi za darasani bila faida. Ulikuwa mjadala mkubwa.

Waulize watoto wa Shelui. "Niliandika barua": umeishia hapo. "Barua niliyoiandika": barua imetangulia, na tazama mizigo inayoongezeka, *yo* ya kurejesha na *i* ya barua, zote zimeingia ndani ya kitenzi. Magunia yanayofuata: nilipakia magunia, *j'ai chargé les sacs*. Magunia yaliyotangulia: magunia niliyoyapakia, *les sacs que j'ai chargés*. Sisi ni wakali kuliko Marot. Fundi pancha aliposikia kwamba kuna watu Ulaya wanaomba sheria hii ifutwe alicheka mpaka akashika meza.

Lakini nisiwadanganye, kuna mahali Kiswahili kinakuacha barabarani. *Le* na *la* zenyewe ni mojawapo. Naweza kukwambia kwamba ni ngeli mbili tu, wakati wewe unabeba zaidi ya hizo bila kujijua, na kwamba kama ambavyo *ki-* inakudokeza, mwisho wa neno la Kifaransa unakudokeza pia: *-tion* ni ya kike, *-ment* karibu yote ni ya kiume, *-age* ni ya kiume isipokuwa *page*, *image*, *plage* na nyingine chache. Lakini uhai wetu unaishinda sura ya neno: tunasema "kipofu amekuja", "kiboko amelala", hatuangalii *ki*. Mfaransa haangalii. Mlinzi akiwa mwanaume mwenye misuli, kama ni *sentinelle* ataitwa *la*. *Victime* ni *la*, hata akiwa baba yako. Hapo unakariri neno pamoja na *le* au *la* yake, basi. Na *du* na *de la* za mkate na maji hazina ndugu kwa Kiswahili. Sisi tunakula mkate tu.

Mahali pengine Kiswahili ni mtego kabisa. Utingo wetu wa pili alituhadithia. Godauni moja ng'ambo ya mpaka, karani akamuuliza, *Vous n'avez pas le bon?*, huna hati? Hakuwa nayo, ilikuwa kwa dereva. Akajibu *oui*, kama anavyojibu mtu wa kwetu: "Ndiyo, sina." Karani akanyoosha mkono aipokee. Utingo akaona ni salamu, akaupokea, wakashikana mikono kwa heshima. Ilichukua muda, na foleni nyuma ilikuwa inaongezeka. Mswahili anakubaliana na swali. Mfaransa anajibu hali yenyewe. Huna? *Non*. Unayo wakati mwenzio anadhani huna? Hapo wana neno la tatu, *si*. Niliwafanyisha zoezi hilo siku tatu mfululizo, wakiulizana "Hujala?", "Huna chenji?", "Hujalipa?", mpaka mama wa mgahawa akaanza kutujibu *si* akidai hela zake.

Na kulikuwa na ugomvi wa 90. Kitabu changu, cha Ufaransa, kinasema *quatre-vingt-dix*, yaani ishirini nne na kumi. Matingo walikuwa wamesikia *nonante* kule waendako na walishikilia hiyo. 70 kitabu kinasema *soixante-dix*, wao *septante*. Wako sawa. *Septante* na *nonante* ni za Kibelgiji, na Mbelgiji ndiye aliyetawala Kongo, Rwanda na Burundi. Nani ana haki ya kumsahihisha mtu anayehesabiwa mifuko kwa *nonante* kwamba Paris hawasemi hivyo? Tulijifunza kuzisikia zote mbili, na kwenye karatasi kuandika tarakimu.

Niliporudi chuoni nilikuta asaimenti mbili na bumu bado. Katikati ya hayo, ujumbe wa sauti ukaingia kutoka Shelui. Dereva mmoja alifika usiku, akamuuliza binti kwa Kifaransa kama kuna vyumba: *Vous avez des chambres?* Akajibu *oui, j'ai*. Dereva akatabasamu, akasema, *j'en ai*. "Madam, hiyo *en* ni nini? Nimeangalia kwenye daftari haipo."

Nikamwandikia: "Mtu akikuuliza una vyumba, unamjibu nini?"

"Ninavyo."

"Kwa nini hujibu 'nina' ukanyamaza?"

Ikapita kama dakika mbili. "Haijakaa. Lazima iwe na *vyo*." Halafu ujumbe mwingine: "*En* ni *vyo*?"

*En* ni vyo, ni zo, ni yo, ni lo, inategemea umeulizwa nini. Una karatasi? *J'en ai*, ninazo. Una maji? *J'en ai*, ninayo. Akaniuliza ukitaka kutaja idadi inakuwaje, nikamwambia ajaribu mwenyewe. Akaandika *j'en ai deux*, ninavyo viwili. Na vikiisha? Hapo nilimpa neno moja tu, *plus*. Akarudisha: *je n'en ai plus*, sinavyo tena. Nikamuuliza usiku ule walikuwa na vingapi.

"*J'en ai trois*," akaandika. "Kimoja taa imeungua."

Kisha akauliza zile nyaraka za Rusumo huwa zina *en* nyingi, au ni maneno ya mapokezi tu.